Lango Lilijengwa Mwisho

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini, Jumamosi mchana, ndugu zangu, na jina la Bwana lisifiwe kwa saa ile! Nilikuwa nimesimama katika ukumbi wa kanisa letu la Kamalondo, mbele ya meza mbili zilizounganishwa, na mkononi nilishika sanduku la agano. Lilikuwa la mbao, limefunikwa kwa karatasi ya dhahabu ya pakiti za sigara, na ukubwa wake ulipita kidogo kiberiti. Vitu vingine vyote vya hema ya kukutania vilikuwa tayari mezani. Sanduku peke yake halikuwa na njia ya kuingia. Katika aibu ile ndipo Mungu alipoanza kunifungua. Lakini ili mjue alinifungua katika nini, inanipasa kurudi nyuma.

Naitwa Ilunga. Ninafanya kazi katika fonderi, karakana ya kuyeyushia shaba ya kampuni ya migodi. Kazi yangu ni kuchonga kwa mbao umbo la kila kipande kabla hakijamiminwa. Mchanga unashindiliwa kulizunguka umbo langu, umbo linatolewa, shaba ya moto inaingia mahali pake. Nikikosea kidogo, kipande kizima kinakosewa. Shuleni sikufika mbali. Kuchora, kupima na Kifaransa cha vitabu vya ufundi nilijifunza mwenyewe, jioni, baada ya kazi. Nalisema hili ili mwelewe kwamba mimi si mtu wa kusisimka haraka. Naamini kitu nikishakipima.

Mke wangu aliitwa Numbi. Alifariki majuma mawili baada ya kumzaa binti yetu Masengo. Sitaandika mengi juu ya msiba ule, maana hata leo kalamu inakuwa nzito. Nataka kuandika juu ya kilichofuata.

Watu wa kwetu mnaijua desturi, lakini naandika pia kwa wasioijua. Mume akifiwa na mke, tunasema kifo kimebaki juu yake. Hali na wengine sahani moja. Haoi tena. Ni familia ya marehemu pekee inayoweza kumtoa kifo hicho. Zamani walimpa mwanamke wa ukoo wao alale naye, na hapo kifo kilihesabiwa kuwa kimeondoka. Mimi kama Mkristo nilikataa. Basi Kaumba, kaka mkubwa wa marehemu, akaniletea neno la wazee: nitoe fedha, zaire mia moja na ishirini (kila zaire ni makuta mia), pamoja na mbuzi mmoja, ndipo watanikubali na kuniosha. Na mpaka siku hiyo nisimguse mtoto, kwa maana mtoto mchanga akiguswa na mtu mwenye kifo, humfuata mama yake.

Mtoto akachukuliwa na bibi yake, Mama Numbi, mama mkwe wangu, akaenda kukaa naye Kipushi.

Mtaniuliza: kwa nini hukulipa ukamaliza? Au kwa nini hukuwapuuza ukamchukua mwanao? Ndugu zangu, nitawaambia ukweli wangu. Nilikataa kulipa kwa sababu ya imani, na sikuthubutu kumgusa mtoto kwa sababu ya hofu. Mdomo wangu ulikuwa wa kanisa, mikono yangu ilikuwa ya wazee. Mchungaji wetu, mtu wa Kasai aliyesoma sana, aliniita mwananchi, kama tulivyoitana siku zile, akaniambia, "Citoyen Ilunga, kifo juu ya muntu haiko. Hiyo njo upagani, iache." Nilijibu ndiyo. Kisha nilirudi kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hakuna aliyeniambia nikae pale.

Kila mwezi baada ya mshahara nilikwenda Kipushi na maziwa ya kopo. Mama Numbi alitandika mkeka upande mmoja wa ua, mimi nilikaa upande mwingine. Niliweka maziwa juu ya kigoda katikati, nikarudi nyuma, naye akaja kuyachukua. Tulisalimiana kwa heshima ya wakwe, macho chini, tukaulizana habari za mvua na za kazi. Masengo alinitazama kutoka mgongoni kwa bibi yake.

Kisha Masengo akajua kutambaa. Siku hiyo alishuka kwenye mkeka, akakipita kigoda, akaja moja kwa moja kwangu huku akicheka. Niliinuka nikarudi nyuma. Akaendelea kuja. Nikarudi nyuma tena, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa ua. Jirani mmoja aliyekuwa akianika unga akapaza sauti, "Eh, citoyen! Uko unakimbia mutoto mwenye hajui hata kutembea?" Mama Numbi akakimbia akamwinua mtoto. Mtoto akalia, akininyooshea mikono.

Ndugu zangu, nilipanda basi la kurudi Lubumbashi na sikuweza kumtazama mtu. Nilikuwa nimemkimbia mwanangu mwenyewe.

Ni katika miezi ile mchungaji aliponiomba nitengeneze mfano wa ile hema ambayo Musa aliagizwa kuisimamisha jangwani. Alitaka watoto wa shule ya Jumapili waione kwa macho. Nilikubali kwa furaha, maana kazi ilinisaidia kutofikiri. Nilichukua vipimo vyote kutoka katika Maandiko na kuviweka kwa uwiano mmoja: kila dhiraa ikawa sentimita mbili. Ua ukawa mita mbili kwa moja. Fundi mmoja Mwislamu wa jirani na kanisa, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, alinishonea pazia la lango kwa nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu, akakataa malipo. Msimamizi wangu wa kazi aliniruhusu kuchukua kipande chembamba cha shaba kilichokuwa kinatupwa, nikafunika nacho madhabahu.

Rafiki yangu Kasongo, tunayefanya naye kazi kwenye tanuru, alinikuta napima nguzo wakati wa mapumziko. "Musa wa Kamalondo!" akasema. "Mungu alikupatia plani, ao ulikopya kwa mwenzako?" Karakana yote ikacheka. Nami nilicheka. Lakini Kasongo, ingawa alinipenda, hakula mkate nilioukata.

Nilijenga kama anavyojenga fundi yeyote anayetaka kazi iwe imara: kutoka nje. Nilisimamisha kwanza ua wote, nguzo kwa nguzo, nikaubandika kwa gundi. Kisha nikaweka madhabahu na birika. Kisha hema, mbao zake, nguzo za mlangoni, nguzo za pazia la ndani, na mapaa yake ya kitambaa, yote kwa gundi. Sanduku nililiacha mwisho kwa sababu lilikuwa zuri kuliko vyote, nikitaka kulikamilisha bila haraka.

Na hapo ndipo tulipo, Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini. Paa limefungwa. Nguzo zimekauka. Mkono wangu haukupita kati ya nguzo za mlango. Nilijaribu kwa kijiti, kijiti kikaangusha kinara cha taa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufikiria kabla shaba haijamiminwa!

Ukumbini walikuwamo akina mama waliomaliza kikao chao cha Jumamosi. Mama Numbi alikuwamo pia. Alikuwa amekuja mjini kumpimisha mtoto uzito, akafikia kwa dada yake hapo Kamalondo, na dada yake akamleta kikaoni. Alikaa mbali nami, karibu na dirisha, Masengo akiwa mgongoni.

"Mukwe," aliniita, "ile kintu iko mukononi inaenda wapi?"

"Inaenda ndani, mama. Kule mwisho kabisa."

"Na juu ya nini haiingie?"

"Nilikwisha kufunga yote."

Akina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Ingénieur ya fonderi! Alisahau mwenye nyumba inje!"

Mama Numbi hakucheka. Aliitazama ile kazi muda mrefu, akaonyesha ua kwa kidole, kisha akasema, "Weye ulianza na lupango. Mutu mwenye kuanza na lupango, anaogopa bantu. Mi na bwana yangu marehemu, siku ya kujenga kule Kipushi, tulianza na fasi ya kulala. Lupango ilikuja kisha. Na mulango ya lupango ilikuwa ya mwisho, juu ya bageni."

Fundi akikosea hurudi kwenye mchoro. Nilifungua Maandiko palepale, mahali Musa anapopewa maagizo, nikaanza kusoma kwa sauti, nikitafuta tu namna ya kurekebisha kosa langu. Kurasa zile nilikuwa nimezisoma mara nyingi sana, lakini nikitafuta vipimo. Utaratibu wake sikuwa nimeuona. Kitu cha kwanza kabisa Mungu alichomwagiza Musa ni sanduku, mahali pake pa kukutana na watu. Kisha meza. Kisha kinara. Kisha hema na pazia. Kisha madhabahu ya shaba. Kisha ua. Na mwisho wa ua, lango. Madhabahu ya uvumba na birika vinatajwa baadaye, sifichi jambo hilo. Lakini mwendo wa mchoro ni mmoja. Nikageuza kurasa mpaka siku ya kusimamisha hema. Ni vilevile: sanduku linaingia mapema, na pazia la lango linatundikwa mwisho wa yote.

Ndugu zangu, nilisimama pale na kitabu wazi. Mwanadamu anajenga kutoka nje, kwa sababu yuko nje na anaogopa. Mungu alichora kutoka ndani, kwa sababu alikuwa anakuja! Alianza pale anapoketi mwenyewe, akaja hatua kwa hatua, dhahabu, fedha, shaba, mpaka langoni alipo mtu. Na lango lenyewe si dogo. Katika upande wa dhiraa hamsini, lango lilichukua ishirini. Anayetaka watu wasiingie hafanyi lango kama lile. Na mtu akiingia, kitu cha kwanza kilichomngoja si dhahabu. Ni madhabahu ya shaba, madini yetu sisi, yenye masizi, ambapo mwingine hufa kwa ajili yake.

Niliyasema hayo kwa akina mama, kwa maneno machache. Kisha Mama Numbi akauliza, na akina mama wakageuka kunitazama, kwa maana wote walijua anamuulizia nani.

"Na mutu mwenye kifo iko juu yake? Ule bangemuacha apite pa mulango?"

Ningeweza kumjibu kama mchungaji. Lakini nilikuwa nimesoma. "Hapana, mama," nikasema. "Mwenye kugusa mufu, balimutosha inje ya kambi." Kwetu kutosha ni kutoa.

"Kumbe!" Aliinuka kwenye benchi. "Kumbe na bale bantu balijua? Pasteur anasemaka kifo haiko. Mi nilizika batoto bane, Numbi njo wa ine. Mutu asiniambie kifo haiko."

"Maandiko haisemi haiko, mama. Inasema inatoshwa."

"Na nani?"

Nikamweleza nilivyoweza. Katika sheria ya Musa, ng'ombe mwekundu alichomwa nje ya kambi, na majivu yake yakatiwa katika maji. Mtu aliyenajisika kwa maiti hakuweza kujinyunyizia. Ilibidi aje mtu safi, amnyunyizie. Na hapa ndipo nilipoanza kusema polepole, kwa sababu nilikuwa nikielewa wakati uleule nikisema. Yule mtu safi aliyekuja kumsafisha mwenzake alipaswa kwenda kufua nguo zake, na aliyeyagusa yale maji alihesabiwa najisi mpaka jioni. Hakuna aliyemtoa mwenzake kifo na kubaki kama alivyokuwa. Ilimgharimu.

"Basi iko sawa na desturi yetu," Mama Numbi akasema. "Lazima mutu akuje. Na ule mutu safi, sisi tutamupata wapi?"

"Alikuja mwenyewe, mama. Alitoka ndani kabisa, kule kwenye sanduku. Akafika pa lango, akapita, akaenda inje kwenye bale ba kifo. Balimuulia kule inje. Na siku ile pazia ya ndani ilipasuka, toka juu mpaka chini."

 Nje, mtu alikuwa akipita na baiskeli akipiga kengele. Kisha Mama Numbi akaanza kufungua kitambaa alichombebea mtoto.

"Basi alikwisha kukutosha," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na weye juu ya nini uko unakimbia mutoto?"

 Mama yule, aliyezika watoto wanne, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameingia mbele yangu katika lile lango nililolipima na kulisimamisha mwenyewe. Alivuka ukumbi. Mkwe hamkaribii mkwe namna ile. Akina mama walishika midomo yao. Akasimama mbele yangu na kuninyooshea mtoto.

"Shika."

"Mama, naogopa."

"Na mi naogopa. Shika."

Nikaliweka sanduku mezani, nikamshika Masengo. Bwana asifiwe, ndugu zangu! Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Alinishika pua, akanitazama kwa makini kama anayepima kitu. Kisha akanikojolea shati lote.

"Njo ile maji ya kunyunyiza!" alipiga kelele mmoja wa akina mama, na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Mama Numbi alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Mimi nililia, na sikuona haya.

Ningetaka kuishia hapo, lakini ushuhuda wa kweli hauachi sehemu ngumu. Siku chache baadaye Masengo akapata homa kali. Kaumba akafika Kipushi kwa hasira, akakuta nimekwisha kufika. "Tulisema!" akaniambia. "Tulikukatazia, weye na ile Biblia yako! Sasa utazika na mutoto!"

Hofu yangu ya zamani iliamka yote kwa pamoja. Mama Numbi ndiye aliyejibu mwanawe. "Mi njo nilimupa mutoto, kwa mikono yangu. Kama kifo iko, ianze na mi. Na weye, toka pa mulango, tupite."

Nikambeba Masengo mimi mwenyewe mpaka zahanati. Njiani niliomba ombi moja tu: Bwana, usiniache nimrudishe mgongoni kwa mwingine kwa sababu ya hofu. Sikujua kama ataishi. Nataka mlielewe vizuri jambo hili, ndugu zangu. Ukombozi ninaoushuhudia haukungoja matokeo ya homa. Mikono iliyokuwa ikimkimbia mtoto mzima sasa ilimbeba mtoto mgonjwa, na haikumwachia. Hapo ndipo nilijua kwamba nimetolewa kifo.

Muuguzi akasema ni malaria, ile tunayoijua sote. Alimpa dawa, na Mungu akampa uzima. Sisemi Mkristo hapati homa. Nasema homa ni homa, na kifo kilichokuwa juu yangu kilikwisha kuondolewa na aliyeweza.

Mfano wa hema niliuvunja wote nikauanza upya kwa utaratibu wa Mungu, sanduku kwanza. Lango niliweka mwisho, na sikulitia gundi. Nilitundika pazia kwenye waya, ili watoto walivute wenyewe. Mchungaji aliposikia habari alikaa nami muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile hatawaambia tena watu kwamba wanachokiogopa hakiko. Atawaonyesha aliyekiondoa. Kasongo alikata mkate wangu mwenyewe, bila kuniuliza. Nami nilihama benchi la mwisho.

Kaumba alichukua muda. Mwaka mmoja ulipita ndipo alipokuja nyumbani kwangu Ruashi, nilipokuwa nimeanza kujenga kwenye kiwanja changu. Masengo alimrukia magotini. Tukala bukari, ugali wetu, sahani moja. Aliponawa mikono akatazama kiwanja na kusema, "Shemeki, nyumba iko, lupango haiko?" Nikamwambia, "Itakuja kisha."

Leo Masengo yuko darasa la tano, na bibi yake anakaa nasi.

Ewe ndugu unayesoma haya ukiwa benchi la mwisho, kwa ajili ya kifo, kwa ajili ya laana uliyotamkiwa, kwa ajili ya jambo ambalo wazee walikufunga nalo, sikuambii kwamba halina uzito. Nakuambia kwamba lango ni moja, ni pana, na aliyelitengeneza alianzia ndani ili akufikie. Usisubiri hofu iishe ndipo uingie. Ingia nayo. Mama Numbi aliingia nayo, nami pia. Namshukuru Mungu Baba, na namshukuru mama yule aliyesema "shika".

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, nafunga kwa hesabu. Kitambaa nilichomnunulia mama mkwe Krismasi ya mwaka ule sikihesabu, maana kilikuwa cha upendo. Ili nitolewe kifo nilidaiwa mbuzi mmoja na zaire mia moja na ishirini. Nilichotoa mimi: mbuzi hakuna, zaire sifuri, makuta sifuri.